Safu ya Tatu Hutoka Mwisho

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nne asubuhi, na paa la darasa la tatu limevuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nikaweka ndoo ileile. Wening aliinuka mara sita kwenda kuitazama ikijaa. Mara ya saba akaipiga teke, kwa bahati mbaya anasema, na maji yote yakaingia kwenye mkoba wa Salwa, mwenzake wa dawati.

Jina Wening kwa Kijava ni maji yaliyotulia. Wazazi huomba, Mungu hupanga.

Mtoto ana miaka tisa. Mwaka jana walimpima hospitali huko Tegal wakaandika herufi nne, ADHD, na ukurasa mzima wa maelezo kwamba akili yake haikai mahali pamoja na mwili wake unaifuata. Mama yake, Bu Tarwi, aliniletea karatasi ile akaniuliza kama inaambukiza. Nilimwambia haiambukizi. Moyoni nikasema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu hakulelewa, aliachiwa.

Baada ya masomo Pak Rokhmat, mwalimu mkuu, aliniita. Wazazi wanalalamika. Anataka barua yangu ya kupendekeza Wening ahamishiwe shule maalumu ya mjini, na anaitaka kabla ya mkutano wa tarehe 18 Desemba. "Wewe ndiye mwalimu wake, Bu Murti. Bila sahihi yako mimi sina la kufanya."

Shule hiyo ni safari ya magari mawili kwenda na mawili kurudi. Baba yuko Jakarta kwenye ujenzi, mama hashiki kitu kingine ila mayai ya bata ya chumvi kutwa nzima. Nani atampeleka? Mtoto ataishia nyumbani kuosha mayai. Mimi nalijua hilo na Pak Rokhmat analijua.

Barua nimeshaiandika. Bado sahihi. Nimeichomeka humu mwishoni mwa daftari.

Jumatano, 5 Novemba

Salwa amenijia na machozi. "Bu, nihamishe jamani. Nikikaa na huyu nitazeekea humu darasani."

Ana haki ya kulia. Miaka thelathini na moja nimefundisha, na saa ya kutoka darasani kwangu haijabadilika. Nasema, "Kaeni kitamu!" na safu zote nne hukunja mikono juu ya dawati, mgongo wima, mdomo kufuli. Safu iliyotulia kuliko zote hutoka kwanza. Ndivyo nilivyofundishwa mimi, na mama yangu kabla yangu. Safu ya tatu ndiyo ya Wening. Tangu Julai haijatoka kwanza hata siku moja. Wenzake husimama pale wakitazama wengine wakikimbilia vitafunio getini, na wakifika wao, bakwan zimebaki makombo.

Ijumaa, 7 Novemba

Vishikwambi vimefika, kumi na viwili. Bu Fitroh, mwalimu wetu mpya wa kompyuta, anavibeba kama watoto mapacha. Ana miaka ishirini na minne na anaamini kila kitu.

Alimpa Wening kimoja chenye hadithi za kusoma. Saa nzima mtoto hakuinuka! Nilikwenda kumgusa bega nione kama yu mzima.

Jumanne, 11 Novemba

Ukimwona nyani mzee, basi amekwepa mishale mingi. Mimi nilijua tu. Kwa siku tatu Wening amejikusanyia nyota mia nne kwenye kishikwambi. Bu Fitroh akachungulia ndani. Programu ile humpa mtoto nyota kila anapopata jibu, na humruhusu kujaribu mpaka alipate. Wening alikuwa akigusa kila kitu, chapuchapu, mpaka nyota iruke.

"Hadithi ilihusu nini?" nikamuuliza.

"Nyota, Bu."

"Nyota gani?"

"Zangu. Mia nne na kumi na mbili."

Bu Fitroh alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, ila nilipata wazo.

Jumamosi, 15 Novemba

Wazo lenyewe ni hili. Kishikwambi kimoja nimekisimamisha mezani kwangu, na Bu Fitroh amekiwekea duara jekundu linalopungua kidogo kidogo kwa dakika kumi mpaka liishe. Katika kipindi cha mwisho tutakaa kitamu mbele ya duara. Safu itakayotulia hadi liishe inapata nyota ubaoni. Siku ya Walimu, tarehe 25, nitahesabu.

Bu Fitroh alisita. "Bu, mimi nililiweka duara ili Wening aone muda, ajue lini ataruhusiwa kuinuka. Si kumshindanisha. Huyu si kwamba hataki kutulia."

"Mwanangu, wewe fundisha mashine," nikamwambia. "Watoto niachie mimi."

Jumatatu, 17 Novemba

Wening ametulia. Dakika kumi nzima! Anasikia baridi, anasema, amejifunika koti la mvua kuanzia kifuani. Nimemruhusu.

Jumanne, 18 Novemba

Wening ametulia. Mvua kutwa.

Jumatano, 19 Novemba

Wening ametulia. Safu ya tatu imetoka kwanza. Nilimwita Pak Rokhmat dirishani aje aone kwa macho yake. Akaona, akatikisa kichwa, akasema, "Bu Murti, wewe ni wa zamani kweli." Nilifurahi kuliko inavyofaa mwanamke wa umri wangu.

Alhamisi, 20 Novemba

Ametulia. Mvua.

Ijumaa, 21 Novemba

Ametulia. Nimemwambia Bu Fitroh kwamba hospitali waje kwangu kusoma. Alinimiminia chai.

Jumamosi, 22 Novemba

Ametulia. Maji ya mto yamefika ukingo wa barabara. Ndoo mbili sasa.

Jumatatu, 24 Novemba

Ametulia. Kesho ni Siku ya Walimu. Nimeitazama ile barua na kuona pengine haitahitajika. Nimejiona mwalimu hodari.

Jumanne, 25 Novemba

Naandika polepole leo.

Asubuhi waliniimbia. Nikapewa maua, kalamu, sabuni ya mche iliyofungwa utepe. Wening hakuleta kitu, nami sikutegemea.

Kipindi cha mwisho duara likaanza, na mvua ikazidi mpaka sauti yangu sikuisikia. Sijui mtaro wa nyuma ulipasuka saa ngapi. Nilichoona ni maji ya kahawia yakipita chini ya mlango, taratibu, kisha si taratibu. Watoto wakapanda juu ya viti. Nikapiga kelele waache kila kitu, washikane mikono, waende msikitini kwenye mwinuko. Bu Fitroh alisimama mlangoni kuwapokea. Nikawahesabu wakipita. Thelathini na tatu.

Nikageuka. Wening alikuwa amekaa pale pale kwenye dawati lake, mgongo wima, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu.

Nilimfokea. Nayaandika maneno yenyewe ili nisijidanganye baadaye. Nilisema, "Inuka we mtoto! Siku zote unaruka kama panzi, leo ndiyo unanikalia?"

Aliniangalia. Midomo ilikuwa inamtetemeka lakini alikuwa anatabasamu. Akasema, "Duara halijaisha, Bu."

Kishikwambi kilikuwa kimesimama mezani, na kweli, kipande chekundu kilikuwa kimebaki.

Nikamvuta mkono akaja na kiti. Nikalivua lile koti la mvua. Mikono yake ilikuwa imekunjwa vizuri sana, na juu yake imezungushwa kamba ya rababendi, ile wasichana wanayosuka ya kurukia, mizunguko kwa mizunguko kutoka kiwiko mpaka kiwiko. Nyingine kiunoni, imefungwa kwenye mgongo wa kiti. Nyingine miguuni, kila mguu kwenye mguu wa kiti. Mafundo ya chini yalikuwa ndani ya maji na yalikuwa yamekaza.

Mkasi ulikuwa kwenye droo. Niliutafuta kwenye droo zote mbili na sikuuona, ulikuwa mbele yangu. Nikaanza na mikono. Mara Salwa akaingia akikanyaga maji, ameponyoka kwa Bu Fitroh, akapiga magoti, akaanza kufungua mafundo ya miguuni kwa vidole huku analia kwa sauti. Aliyajua mafundo yale, ndiye aliyeyafunga na kuyafungua kila siku chini ya koti.

"Yeye mwenyewe ndiye aliyesema tumfunge, Bu! Wallahi! Siku zote hizo yeye mwenyewe!"

"Usimkaripie Salwa," Wening akasema. "Mimi ndiye nilimwomba. Wenzangu walikuwa wanataka kutoka mapema. Na tena..." Akasita, akaniangalia kama anayesubiri nifurahi. "Wengine wamekuletea maua, Bu. Mimi nimekuletea kukaa kitamu."

Siku nane. Nilisimama hatua tano kutoka kwake nikihesabu nyota.

Nilimbeba mpaka msikitini. Si mzito.

Jumatano, 26 Novemba

Hakuna masomo. Tumeondoa matope. Bu Fitroh anajua, nilimwambia. Kati ya watu wazima hakuna mwingine anayejua.

Alhamisi, 27 Novemba

Nimekwenda kwa Bu Tarwi kumweleza. Sikumweleza.

Alinipokea na mikono myekundu hadi viwiko, ya tofali lililosagwa la kufunikia mayai pamoja na chumvi. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Bu Murti, Mungu akulipe. Tangu muanze mchezo wa nyota, mwanangu anarudi nyumbani anaimba." Nikakaa kwenye kigoda.

Wening alikuwa pembeni anachagua mayai. Huchukua mawili, huyagonganisha sikioni, tik tik, huyaweka. Akisikia sauti imebadilika, yai lina ufa ambao jicho halioni, hulitenga. Nilijaribu mimi, kwangu yote yalilia sawa. Yeye aliendelea, akitikisa mguu mmoja muda wote, mdomo unaimba, na hakukosea. Saa nzima na robo. Niliangalia saa yangu kwa sababu sikuamini.

"Trei ngapi hizo?" nikamuuliza.

"Saba, Bu. Mia mbili na kumi, toa sita yenye ufa, mia mbili na nne." Hakuinua hata kichwa.

Mtoto huyu darasani kwangu amepata sufuri mara tatu katika kuzidisha. Nami nilikuwa nimesema mama yake hakumlea.

Jumamosi, 29 Novemba

Tumerudi darasani. Kiti cha Wening kimebaki na kipande cha kamba, kimefungwa kutoka mguu wa mbele hadi mwingine. Sikuweza kulikata fundo siku ile. Nilitaka kulikata leo, nikamwona Wening ameweka miguu juu ya kamba ile. Anaisukuma, inamrudisha, anaisukuma. Kimya kabisa, huko chini. Juu, mtoto alikuwa ananisikiliza. Nilipouliza swali la hadithi alijibu yeye, bila kunyoosha mkono, lakini alijibu sawasawa.

Nimeuacha mkasi kwenye droo.

Saa ya kutoka nilisema tena, "Kaeni kitamu." Safu ya tatu ikatoka mwisho. Nisiposema hivyo, nitasema nini? Sijui maneno mengine.

Jumatatu, 1 Desemba

Leo kuzidisha kwa mayai. Bu Tarwi ametuazima trei kumi na mayai ya kuchemsha ya kujaza trei tatu. Zilizobaki tumejaza kokoto. Kila kundi trei moja: safu tano za mayai sita, sita za tano, nusu ya trei, theluthi ya trei. Darasa lilikuwa sokoni. Wening alizunguka kundi hadi kundi, na sikumwambia akae, kwa sababu kila alipopita kundi lilielewa.

"We Salwa, usihesabu moja moja kama bibi!" alimwambia mwenzake. "Shika safu. Safu ni tano. Ziko ngapi?"

"Sita."

"Haya, sasa unalia nini?"

Mayai matatu yalipasuka. Tuliyala.

Alhamisi, 4 Desemba

Nimekwenda kwa Bu Fitroh nikamwambia, "Nifundishe mashine." Hakunicheka, nami ningestahili kuchekwa.

Duara tumelirudishia kazi aliyokuwa ameikusudia. Dakika nane za kazi, likiisha, Wening anainuka, anamwaga ndoo dirishani, anarudi. Ndoo ni kazi yake rasmi. Na kwa kusoma, Bu Fitroh amemwambia aseme ndani ya kishikwambi jinsi ya kutengeneza mayai ya chumvi. Aliongea dakika nne huku anatembea. Bu Fitroh akayaandika maneno yale yale kwa herufi kubwa, na Wening akaanza kuyasoma huku sauti yake mwenyewe inamfuata sikioni. "Kwanza osha mayai usiwe na haraka." Alipofika hapo akasimama. "Bu, haya niliyasema mimi!"

Ijumaa, 5 Desemba

Mvua. Amesahau daftari, kalamu na kiatu kimoja. Sijui kiatu kimoja husahaulikaje.

Ijumaa, 12 Desemba

Mitihani imekwisha. Wening hesabu sabini na nane. Kusoma hamsini na saba, na kiwango ni sitini. Nimesahihisha mara tatu nikitafuta alama tatu. Hazipo.

Jumatano, 17 Desemba

Barua iko mbele yangu. Nimeisoma upya. "Hawezi kukaa. Hawezi kusikiliza. Anawazuia wenzake." Ni mwandiko wangu mzuri.

Ningeweza kusema kesho kwamba anaendelea vizuri, basi, nikaketi. Lakini watauliza mbona tarehe 19 Novemba alitulia kama sanamu, na mwalimu mkuu alimwona, na sasa anazunguka darasani na ndoo? Watasema mtoto akibanwa anaweza, ni mimi niliyelegea. Watataka abanwe tena.

Imebaki miaka minne nistaafu. Sijawahi kupata onyo hata moja.

Alhamisi, 18 Desemba

Walikuja wazazi ishirini na kitu. Bu Kopsah, mama yake Salwa, alizungumza kwa niaba yao. Alizungumza vizuri, hakutukana. Mwanawe analowanishwa, anachelewa, safu yote inaadhibiwa kwa kosa la mmoja. "Na Pak mkuu mwenyewe alishuhudia kwamba anaweza kutulia akitaka. Mwezi uliopita alitulia siku nane!"

Pak Rokhmat akanigeukia. "Ni kweli, nilimwona. Bu Murti?"

Nikasimama. Nikawaambia alitulia kwa sababu alikuwa amefungwa kwa kamba kwenye kiti, darasani kwangu, mbele ya macho yangu. Nikawaambia kuhusu nyota, duara na maji. Nikawaambia aliomba kufungwa ili wenzake watoke mapema na ili mimi nifurahi, na kwamba mimi nilifurahi. Jina la aliyefunga mafundo sikulitaja, ila Bu Kopsah anaijua kamba ya nyumbani kwake. Nilimwona akishika kiti cha mbele yake.

Bu Tarwi hakulia. Aliuliza swali moja tu. "Mikono, Bu? Mkono upi?"

"Yote miwili."

Akaitazama mikono yake mwenyewe. "Aliniambia ni alama za bangili."

Ningetamani anitukane.

Nikatoa barua humu daftarini nikampa Pak Rokhmat ilivyo, bila sahihi. Nikasema hii niliiandika nikiwa simjui mtoto, na kama kuna mtu aliyeshindwa kukaa darasani vizuri muhula huu, ni mwalimu. Pak Rokhmat aliikunja mara mbili. Akasema Wening atabaki hadi Juni, kisha tutazame. Akasema pia nitapata onyo la maandishi, na alipolisema hilo hakunitazama, kwa sababu si mtu mbaya, na siku zote nimemwandika humu kama mtu mbaya.

Bu Kopsah aliondoka bila kuniaga. Mlangoni alisimama, akashika mkono wa Bu Tarwi, akaushikilia.

Jumamosi, 20 Desemba

Siku ya mwisho ya muhula. Mvua ndogo.

Salwa amekuja na kamba mpya ya rababendi, ya rangi mbili, akaifunga yeye mwenyewe kwenye miguu ya mbele ya kiti cha Wening. "Ile ya zamani imelegea," alisema, na akakaa kwenye dawati lile lile. Hakuomba kuhamishwa.

Kengele ikalia. Kabla sijasema neno, safu zote nne zikakunja mikono, migongo wima, wakanitazama. Nikawatazama. Thelathini na wanne, na mmoja anatikisa miguu.

"Nendeni," nikasema.

Hakuna aliyeondoka.

"Bu," akauliza Salwa, "nani kwanza?"

"Yeyote. Mlango uko wazi."

Walitazamana, wakidhani nimewatega. Wening ndiye aliyeinuka. Alipita katikati ya safu akikimbia, akatoka mvuani peke yake, wa kwanza, na ndipo wengine wakamwagika nyuma yake kwa kelele ambazo miaka thelathini na moja sijaziruhusu.

Nilikuwa nafuta ubao aliporudi. Amesahau mkoba. Akatoka. Akarudi, amesahau koti la mvua. Akatoka. Nikaweka dasta chini, nikasubiri nione amesahau nini tena, maana nimeshamjua.

Akarudi mara ya tatu anahema, amelowa kichwa. Akaja moja kwa moja hadi kwangu, akashika mkono wangu na kuuweka kwenye paji lake la uso, kama watoto wanavyomuaga mwalimu kila siku. Mikono ya shati ilikuwa imempanda hadi viwikoni. Nikaitazama mikono yake, juu na chini, na haikuwa na alama.

"Hii nayo nilisahau, Bu," akasema, akakimbia tena.